Deni Halilipwi kwa Sadaka



Jumapili iliyopita tulipitisha kapu kwa ajili ya mzee mmoja aliyekosa fedha ya dawa. Mlitoa kwa moyo, nasi tunawashukuru. Hata hivyo, mzee alipokabidhiwa bahasha alitutazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole: “Hii ni sadaka, au ndiyo malipo yangu?” Hatukuwa na jibu. Mzee huyu aliitwa vitani mwishoni mwa mwaka 1978, akiwa mwanamgambo mwenye umri wa miaka 20, baada ya Idi Amin kuivamia Kagera. Alipigana, na vita vilipokwisha mwaka 1979 akaambiwa arejee kwao.

Kila tarehe 25 Julai Taifa huweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwenye minara ya mashujaa. Ni vema, wala hatuibezi heshima hiyo. Waliolala katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, wanaistahili. Bali walio hai hawali maua.

Pensheni ya askari hukokotolewa kwa miaka ya utumishi na cheo. Hesabu hiyo inamfaa aliyelifanya jeshi kuwa kazi ya maisha yake. Je, yule aliyeitwa kwa miezi kadhaa, akaweka roho yake rehani kama wengine, kisha akarudishwa shambani, ahesabiwe katika safu ipi? Visiwa vyetu vinalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1916 Askofu Weston, wa jirani zetu Waanglikana wa Mkunazini, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar kwenda katika vita vya bara. Walibeba risasi na unga, wakaugua na kufa, lakini hawakuhesabiwa kuwa askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza alimlipa askari Mwafrika wa KAR kiinua mgongo kilichoweza kuwa theluthi tu ya kile cha mzungu wa cheo kilekile. Mwaka 2018 serikali yake ikatangaza fedha za chakula kwa askari wazee wa Jumuiya ya Madola: milo miwili kwa siku, baada ya zaidi ya miaka 70! Nayo iliitwa msaada.

Tutaambiwa kwamba Zanzibar tayari ina pensheni jamii. Ni kweli, na tunaisifu. Tangu mwaka 2016 kila mkazi mzee anayetimiza masharti hulipwa kila mwezi bila kuulizwa alichangia nini. Ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikaongezwa. Lakini hiyo ni haki ya uzee, anayoipata mvuvi na fundi cherehani vilevile, tena kuanzia umri wa miaka 70. Mzee wetu bado hajaufikia. Alikuwa mkubwa wa kutosha kufa mwaka 1979, leo ni mdogo mno kulipwa.

Wala wawakilishi wetu wa Chukwani hawawezi kulimaliza jambo hili peke yao. KMKM na JKU ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, na hao wako mikononi mwao. Ulinzi, hata hivyo, ni jambo la Muungano, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 ni ya Bunge. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria mahsusi ya wanajeshi wastaafu na wategemezi wao mwaka 2022. Hatuoni kwa nini sisi tushindwe, sisi tuliofika Kampala.

Sheria tunayoidai imtaje mwanamgambo kwa jina lake, imtaje na mjane wake. Tena isimtake mzee athibitishe kwa karatasi zilizoliwa na mchwa kwamba alikuwako. Aliyemwita ndiye aliyeandika jina lake. Basi aliyemwita ndiye afungue daftari. Wabunge kutoka Zanzibar wanakaa Dodoma kwa kura zetu, na wakirudi majimboni hupita katika mitaa yetu. Tuwaulize swali lile alilotuuliza mzee.