Ngumi Juu ya Barafu
Kijana wa Mitunguu anayewafuatilia Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Nairobi, kwenye simu, huku akipakia ndizi sokoni, hana sababu ya kuzipenda ngumi za NHL, ligi ya mchezo huo. Huko Marekani na Kanada, wachezaji wakizichapa huketi nje dakika 5 kisha hurudi kucheza, na mashabiki hushangilia. Machi 8, 2004, mjini Vancouver, mchezaji Todd Bertuzzi alimpiga mpinzani wake Steve Moore kutoka nyuma na kumwangukia. Moore alivunjika mifupa ya shingo, na hakucheza tena katika ligi hiyo. Mchezaji mwingine, Derek Boogaard, aliyesajiliwa hasa kwa ajili ya kupigana, alifariki mwaka 2011, na uchunguzi ukaonyesha ubongo wake ulikuwa umeharibika. Alikuwa na miaka 28 tu! Ice Lions, waliojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha Hoteli ya Panari, wana njia nyingine: Kenya ilijiunga na shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024, na kanuni za shirikisho hilo humtoa mpiganaji mchezoni. Makocha wawafunze watoto kanuni hiyo tangu siku ya kwanza wanapofunga viatu vya kuteleza, kabla video za ngumi hazijawafikia.