Moto haumalizi kila kitu

Nimerudi field salama, ila nimerudi na deni.

Nilipangiwa shule moja ya pwani, Baiolojia Kidato cha Pili. Siku moja nikawaambia kwa kujiamini kabisa: chakula kikiiva vizuri hakina madhara. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona wale wa Pemba walipika?"

Nikababaika. Nikasema tutaliona kipindi kijacho. Kipindi kijacho sikuligusa.

Alikuwa anasema la Kisiwa Panza, Machi 2024. Watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 walikuwa wameshafariki watu 7 hukohuko Pemba, kasa tena.

Basi nikazama maktaba. Kumbe bakteria ni kitu kimoja na sumu ni kingine. Kuna mwani mdogo sana baharini wenye sumu. Chaza na kome huchuja maji, sumu inajikusanya ndani yao. Kwa kasa pia wataalamu wanashuku mwani. Sumu hii huioni, huinusi, na kuchemsha hakuimalizi. Kule Kanada mwaka 1987 watu zaidi ya 100 waliugua kwa kula kome wa Prince Edward Island, 3 wakafa, na wengine walipoteza kumbukumbu.

Sasa hoja yangu. Tunapenda kusema watu wa pwani wakaidi, kasa si amekatazwa? Kweli amekatazwa. Lakini katazo bila sababu halikai kichwani. Babu kala kasa miaka yote na yu hai, atakuamini vipi? Mwambie sababu: si kila kasa ana sumu, wala si kila chaza, na kwa macho huwezi kujua yupi. Mwambie pia midomo ikianza kufa ganzi baada ya kula chaza, asisubiri asubuhi, akimbie hospitali. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo, ila anaweza kusaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe.

Hiyo ni kazi yetu sisi walimu watarajiwa, jamani.

Jana nimempigia mwalimu aliyenipokea, nikamwomba awasahihishie watoto. Akacheka: "Njoo usahihishe mwenyewe."

Nitakwenda. Nasubiri boom tu, nauli hamna.