Tofali Halitagi

Katika nchi yetu, ukitaka kumshauri mtu mwenye kuku sita, jambo la kwanza utakalomwambia ni ajenge. Ajenge banda la matofali, sakafu ya saruji, paa la bati, dirisha la wavu, na mlangoni aweke dawa ya kukanyagia. Ushauri huu umo katika vijitabu, umo katika semina, umo vinywani mwa watu ninaowaheshimu. Mimi naupinga. Naupinga si kwa sababu banda hilo ni baya, bali kwa sababu anayeambiwa siye aliyekusudiwa. Banda la namna hiyo ni la mwenye kuku mia tatu na hati ya kiwanja. Mwenye kuku sita na chumba cha kupanga, ukimwambia maneno hayo, umemwambia kwa adabu kwamba asifuge.

Na kweli wengi hawafugi. Au wanafuga kwa namna ya bahati nasibu: kuku analala jikoni, au juu ya mti, au chini ya kitanda, na asubuhi anaachiwa akajitafutie. Mwewe akichukua wawili na nguchiro akichukua watatu, tunasema kuku wa kienyeji hawana faida. Kati ya jumba la saruji na matawi ya mwembe hatukubakiza kitu. Ndiyo maana nataka kusema juu ya hicho kilichopo katikati, yaani banda dogo la kuhamishwa, linalobebwa na watu wawili, ambalo mtu anaweza kulitengeneza kwa siku mbili na kuondoka nalo siku anapoondoka.

Hapa Morogoro ninapoishi, watu wengi wa mitaani hawakai katika nyumba zao. Wamepanga. Chumba kimoja, viwili, na ua wa kutumia pamoja. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mpangaji naye ana kamba yake, nayo ni kodi. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alitii ushauri wa wataalamu. Alichangiwa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua simenti, akajenga banda zuri nyuma ya nyumba aliyopanga. Kuku wakaanza kutaga. Kabla mwaka haujaisha mwenye nyumba akamwambia anataka vyumba vyake. Aliondoka na kuku katika matenga mawili juu ya mkokoteni. Banda lilibaki. Leo ni stoo ya mkaa, na mama yule aliendelea kulipa mkopo wa matofali yanayohifadhi mkaa wa mtu mwingine.

Je, alidhulumiwa? Kwa ubinadamu, ndiyo. Lakini tusidhani lilikuwa jambo la ajabu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi inahesabu ndani yake majengo na vitu vingine vilivyofungamanishwa na ardhi kwa kudumu. Kwa lugha ya mtaani: ulichokichimbia chini kinakaribia kuwa cha mwenye chini. Mpangaji anayejenga ukuta bila mapatano ya maandishi amemjengea mwenye kiwanja. Kinachosimama juu ya ardhi bila kuishika, kama kitanda, kama baiskeli, kama banda lenye mipini, kinabaki chake.

Na si mpangaji peke yake. Nawafikiria kinamama wa vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo wa 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria iliyoandikwa ni jambo moja, na kikao cha ukoo baada ya mazishi ni jambo jingine. Katika nyumba nyingi kuku ndiye mnyama wa mama: ng'ombe ni wa baba, mbuzi wana mjadala, lakini kuku na mayai mama huuza mwenyewe akanunua daftari na chumvi. Sasa sisi tunamwambia achukue mali hiyo pekee iliyo mkononi mwake aigeuze kuwa ukuta, katika uwanja ambao siku ya msiba ataambiwa si wake. Huo si ushauri wa maendeleo. Ni kumfunga mtu jiwe shingoni na kumwambia aogelee.

Mtu atauliza: mbona basi ushauri huu unaendelea? Nathubutu kutoa jibu. Jengo linapigwa picha. Jengo lina uzinduzi, lina utepe, lina kibao chenye jina la mradi. Nimeona banda la mfano lililopakwa chokaa nje na ndani, sakafu inang'aa, na kuku hayumo hata mmoja, kwa kuwa fedha za kuku ziliishia kwenye paa. Chanjo haina picha. Tone moja linalodondoshwa katika jicho la kuku halikatiwi utepe. Lakini ni tone hilo, na wala si tofali, linaloamua kama utakuwa na kuku mwakani.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye uzito. Muuaji mkubwa wa kuku wetu wa kienyeji si mwewe wala mwizi. Ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kufagia karibu kuku wote kwa siku chache, na hauchagui waliolala kwenye saruji na waliolala kwenye mwembe. Chanjo ya I-2, ambayo asili yake ni Australia na ambayo hutengenezwa hapa nchini, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, hata kijiji kisicho na jokofu kinaweza kuitumia. Ni tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Nasema mwenye fedha kidogo aanzie hapo. Mfuko mmoja wa simenti ukiuacha dukani, umepata chanjo ya kundi dogo kwa muda mrefu. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumepindua: tunajenga ukuta kwanza, na ufa tunauacha wazi.

Hata kwa magonjwa mengine ukuta hausaidii kama tunavyodhani. Banda lisilohama linakusanya. Kinyesi hujaa mahali pamoja, na katika unyevunyevu na joto vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu huhitaji siku moja au mbili tu kukomaa na kuwa tayari kuambukiza vifaranga. Katika nyufa za ukuta wa udongo hujificha utitiri na papasi. Mchana huwaoni, usiku hutoka kunyonya damu, na kuku huacha kutaga bila mwenyewe kujua kwa nini. Tajiri ana mtu wa kusafisha na fedha za dawa. Mnyonge ana nini? Ana uwezo wa kusogea. Ukilisogeza banda kila asubuhi, kuku wanaacha uchafu wao wa jana nyuma yao na jua linaufanyia kazi. Haliondoi kila ugonjwa, la hasha, lakini linapunguza mzigo bila gharama.

Banda lenyewe si siri ya fundi. Nalieleza jinsi ninavyolipenda mimi, kwa majike wanane na jogoo mmoja. Urefu mita 3, upana mita 1, kimo mita 1. Fremu ni ya mbao nyepesi. Penye mianzi mianzi, penye fito fito. Mita mbili za urefu ni uwanja wa mchana, unaozungushiwa wavu na usio na sakafu, ili kuku wakanyage majani na kuparura. Mita moja iliyobaki ni chumba cha usiku, kilichoinuliwa kutoka chini, chenye paa la bati moja au makuti. Sakafu yake ni fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke. Ndani weka miti miwili ya kulalia. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20, hivyo miti miwili ya mita moja inawatosha tisa. Viota viwili vinatosha. Bawaba za mlango si lazima zinunuliwe. Vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu vitafanya kazi miaka. Acha miti miwili ya pembeni itokeze mbele na nyuma, watu wawili waibebe kama machela. Chumba cha usiku kizibwe vizuri kwa mbao au fito, na matundu ya hewa yawe na wavu mdogo, maana wavu wa kawaida wa kuku haumzuii nyoka. Kuku mwenye vifaranga apewe tenga lake, kwa sababu vifaranga miguu yao itapenya sakafuni.

Upana ule wa mita moja sikuutaja ovyo. Ni upana wa tuta la mboga. Kuku mmoja wa mayai hutoa kiasi cha gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku. Wetu wa kienyeji ni wadogo, tuseme pungufu ya hapo. Hata hivyo kuku tisa kwa mwezi wanakupa kilo ishirini na kitu za mbolea, na zote zinaangukia pale ulipoliweka banda. Pitisha banda juu ya tuta lililovunwa, kuku wale mabaki ya mchicha, wadudu na mbegu za magugu, kisha uliache tuta lipumzike majuma kadhaa kabla ya kupanda, kwani kinyesi kibichi huunguza mche na si kitu cha kukutana na mboga za kuliwa mbichi. Wafugaji wa ng'ombe walilijua hili zamani: pale palipokuwa zizi ndipo mahindi yanapostawi. Tofauti ni kwamba wewe zizi lako unalibeba.

Najua pingamizi zinazokuja. Ya kwanza ni mwizi: atabeba banda na kuku wake. Ni pingamizi ya haki. Lakini lile la matofali liko wapi? Liko nyuma ya nyumba, mbali na masikio yako, kwa sababu hukutaka harufu. Hili jioni unalivuta mpaka chini ya dirisha la chumba unacholala, unalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, na asubuhi unalirudisha bustanini. Ya pili ni mvua. Wakati wa masika weka banda mahali penye mteremko, pigilia turubai upande unaotoka upepo, na lisogeze mara mbili kwa siku kama ardhi imeloa. Ya tatu ni ua uliosakafiwa wote kwa saruji. Hapo sibishani, hapo banda hili halina kazi, na maranda ya mbao yatawafaa kuku zaidi.

Pingamizi ya nne haisemwi waziwazi, nayo ndiyo inayoniudhi. Ni kwamba banda la namna hii linaonekana la kimaskini. Watu wanaogopa mgeni akija asicheke. Basi na wajue kwamba huko Marekani, katika jimbo la Virginia, mkulima Joel Salatin alipata sifa kubwa kwa banda lisilo na sakafu la futi 10 kwa 12, kimo futi 2 tu, linalosogezwa majanini kila siku. Alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993, na wakulima wengi wamemwiga. Hakuna aliyemwita maskini. Kinachoitwa ufundi mikononi mwa mgeni kwa nini kiitwe unyonge mikononi mwa mama wa Kihonda?

Simwambii mwenye kuku mia tatu abomoe jengo lake. Yeye ana hesabu nyingine. Wala sisemi watu wasitamani nyumba za kudumu. Mimi pia nimezitamani. Nasema kudumu kwa mali ya mnyonge hakumo katika uzito wake. Mali ya mtu asiye na ardhi inadumu pale inapoweza kunyanyuliwa. Siku mwenye nyumba anapogonga mlango, siku ukoo unapokaa kikao, siku alama nyekundu ya X inapochorwa ukutani kwa ajili ya barabara, anayeweza kushika mipini ya banda lake na kuondoka na kuku wakiwa ndani huyo hakupoteza mradi wake. Amehama tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa bwana mifugo na bibi mifugo, na kwa kila anayeitwa kwenda kushauri kikundi cha kinamama, ni dogo. Kabla hujachora ramani ya banda, uliza maswali mawili. Kuku hawa walichanjwa lini? Na uwanja huu ni wa nani? Ukishajibiwa kwa ukweli, naamini mara nyingi utaikunja ramani yako ukaomba msumeno.