Waathiriwa wa nyuklia wasaka haki kwa nyimbo na ushahidi

MNAMO Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la nyuklia lililopewa jina Bravo katika kisiwa cha Bikini, Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Nguvu zake zilikuwa takriban mara 1,000 ya zile za bomu lililoangamiza mji wa Hiroshima, Japani, mwaka 1945. Saa chache baadaye, vumbi jeupe lilianza kunyesha Rongelap, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Watoto walilichezea. Wakazi walihamishwa baada ya siku mbili hivi, kisha mwaka 1957 wakarudishwa kwa ahadi kwamba kwao kulikuwa salama. Hakukuwa salama.

Suala ambalo limewaandama tangu hapo ni la ushahidi. Rekodi za vipimo na za matibabu zilikuwa mikononi mwa waliolipua bomu, na nyingi ziliendelea kuwa siri hadi miaka ya tisini. Makubaliano ya fidia ya dola 150 milioni yalianza kutekelezwa mwaka 1986, kabla ya wenyeji kuziona rekodi hizo. Mlalamishi alitakiwa kuthibitisha kesi yake huku vielelezo vikiwa vimefungiwa kabatini mwa mshtakiwa!

Walichobakia nacho ni vinywa vyao. Novemba 1995, Lijon Eknilang, mwanamke wa Rongelap aliyekuwa mtoto siku ya Bravo, alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki jijini The Hague. Alieleza jinsi wanawake wa kwao walivyojifungua watoto wasio na mifupa, waliofanana na yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayejulikana vyema na wavuvi wa Pwani yetu. Mwaka uliofuata mahakama ilitoa ushauri ambao haukupiga marufuku silaha hizo moja kwa moja. Hata hivyo, Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, aliyetofautiana na wenzake, aliyanukuu maneno ya mama huyo katika maoni yake. Yamo katika kumbukumbu za mahakama hadi leo, na hakuna serikali inayoweza kuyafuta.

Pale ushahidi wa maneno ulipokwama, sanaa ilishika usukani. Wanawake wa Rongelap wametunga nyimbo kuhusu maradhi yao na kuhusu nyumbani wasikoweza kuishi. Baadhi yao walipasuliwa tezi za shingoni, sauti zikakwaruza. Huimba vivyo hivyo, na mkwaruzo wenyewe ukawa kielelezo ambacho hakihitaji daktari wa kukifasiri. Naye mshairi Kathy Jetñil-Kijiner, mwaka 2018, alighani shairi lake juu ya kuba la saruji la Runit. Kuba hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya sabini kufunika shimo la mlipuko lililojazwa udongo wenye sumu, ila chini yake hakukuwekwa sakafu yoyote. Wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina la Runit walilijua kupitia shairi hilo.

Yamkini wapo watakaouliza: wimbo hulipa hospitali? La. Jopo la madai ya nyuklia lililoundwa visiwani humo liliamua waathiriwa walipwe zaidi ya dola 2 bilioni, lakini hazina yake ilikauka na wengi wakafa wakiwa wamepokea sehemu tu. Ombi la fidia zaidi lililopelekwa katika Bunge la Marekani mwaka 2000 lilipingwa na serikali ya Rais George W. Bush. Aidha, ipo hatari ya wazee hawa kualikwa kulia mbele ya wajumbe wa makongamano, kupigiwa makofi, kisha kurejeshwa makwao mikono mitupu.

Lakini madai yasiyosikika hayana hata wa kuyakataa. Oktoba 2022, Baraza la Haki za Kibinadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuvisaidia Visiwa vya Marshall kukabiliana na athari hizo. Miaka 68 ilikuwa imepita tangu Bravo, na waliokuwa watu wazima siku ile karibu wote walikuwa wameshazikwa.