Msiisingizie Namba

Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stendi ya Babati kuna mzee mmoja, mwenyekiti mstaafu wa mtaa, ambaye sijawahi kumwona akishindwa bishano. Wiki nzima amekuwa akiziponda takwimu na wataalamu wa serikali, na wenzake wanaitikia. Hoja zinazosikika hapo ni nne. Nazijibu huku kwenye karatasi kwa sababu kijiweni nikifika namba ya pili naambiwa ninywe, kahawa inapoa.

"Hali ya Hewa walitabiri, na Hanang' watu wakafa. Faida iko wapi?"

Hii inauma, maana Katesh, huko Hanang', ni majirani zetu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang', na idadi ya waliokufa ikafika 89. Ni kweli pia kwamba tangu Agosti Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa imetangaza vuli ya wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi, kwa sababu ya El Nino. Lakini utabiri wa msimu unakuambia mvua itakuwa nyingi. Haukuambii mteremko gani utameguka usiku gani. Hilo linamtaka mtu anayeujua mlima wenyewe, miamba yake na maji unayoyanywa. Baada ya maafa wataalamu walieleza kuwa sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikaelemewa, ikakatika. Kipimo cha mawingu hakiwezi kufanya kazi ya kipimo cha mlima, na kukilaumu kwa hilo ni sawa na kuilaumu mizani kwa kutokuonyesha saa.

"Takwimu ni za wafadhili."

Hapa mzee ana robo ya haki. Siku moja nilikaa kwenye benchi la zahanati nikimtazama muuguzi akijaza kitabu cha takwimu za wagonjwa cha MTUHA: vijiti vinne wima, cha tano kinavikata, mstari baada ya mstari, huku foleni ikimsubiri. Nikamuuliza, "Dada, hizi zinaenda wapi?" Akasema, "Juu." Nikauliza zikirudi zinarudi na nini. Alicheka tu.

Lakini zimewahi kurudi na kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Kanada, ulituma watu nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki na aliugua nini. Ilibidi waende majumbani, kwa sababu wengi walikuwa wakifia huko, na daftari la hospitali haliwezi kumhesabu asiyefika. Majibu yakachorwa kwa grafu za mihimili ambazo ofisa wa wilaya angeweza kuzisoma bila kuita mtakwimu. Ikaonekana kwamba Morogoro malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku bajeti ya afya ya 1996 ikiipa asilimia 5. Wilaya zikahamisha fedha. Nyongeza haikufika hata dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, na katika miaka kama mitano vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Pesa ilikuwa ya mfadhili, sikatai. Watoto walikuwa wetu.

"Basi waachiwe wataalamu, wanasiasa wakae pembeni."

Hii husemwa na vijana wenye digrii, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Nendeni Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu waliozunguka Tanganyika kwa wiki tisa tu, wakaja na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Kumbukumbu za mvua zilikuwa haba. Wagogo, ambao miaka ya ukame wanaijua kwa majina, hakuna aliyewasikiliza kwa dhati. Udongo ulipokauka ukawa kama saruji, karanga zikang'ang'ania humo humo. Mwaka 1951 mpango ulizikwa pamoja na pauni zipatazo milioni 36.

Halafu rudini nyumbani Babati, kwenye msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule wa miombo hifadhi yake, kwa hoja kwamba unaangamia. Kipimo kilikuwa sahihi, msitu ulikuwa unaangamia kweli. Dawa ndiyo iliyokuwa mbovu: wanakijiji waliposikia watanyang'anywa, wakakimbilia kukata mapema. Maofisa walipokubali kusikiliza, vijiji vinane, Ayasanda, Riroda na Gidas vikiwemo, vikaweka walinzi wao na sheria ndogo zao, na msitu ukaanza kurudi. Fikra hiyo ilisaidia kuzaa Sheria ya Misitu ya 2002. Mtaalamu alijua msitu unaumwa. Nani ataulinda usiku, bila mshahara, hilo hakulijua yeye.

"Namba zenyewe zinapikwa."

Nyingine hupikwa, na nyingine hufichwa. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu rasmi ilisimama kwenye wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, kisha zaidi ya mwaka tukakaa kimya kana kwamba ugonjwa umepanda basi ukaondoka. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa la jinai kusambaza namba zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Lakini tazama mantiki: mwenye mamlaka hahangaiki kuificha au kuilinda kwa jela namba isiyo na nguvu. Na namba iliyopikwa hukamatwa kwa namba nyingine. Mzee hajawahi kuikamata kwa kuguna.

Nilimsomea haya yote juzi. Akanisikiliza, akanywa, kisha akasema: "Mwanangu, mafuriko ya mwaka 1990, maji ya ziwa letu hapa Babati yalipofika mimi napajua. Nilikuwepo. Hao wanaogawa viwanja wamewahi kuniuliza?"

Nikamuuliza kama anaweza kunionyesha. Tunakwenda Jumamosi asubuhi, na nimeshaazima tepu ya fundi.