Mpango wa Biashara wa Kunakili Haukaushi Omena

Juzi nilikuwa katika saiba moja mjini Migori nikingoja kuchapisha makaratasi ya KRA (mambo ya ushuru, tuyaache). Mbele yangu kwenye foleni alikuwa kijana anayesomea uhandisi wa mitambo katika chuo ambacho sitakitaja. Alimwambia mwenye saiba, "Bosi, nitolee ile ya kuku." Mwenye saiba hakuuliza kuku gani. Alifungua folda, akanakili faili, akabadilisha jina la mwanafunzi, la chuo na la mji, akachapisha kurasa thelathini na kitu na kuzibana kwa plastiki. Mpango wa biashara huo, tayari kupelekwa kusahihishwa. Katika folda hiyo niliona nyingine: ya kuoka mikate, ya saluni, ya kuchomelea milango, hata ya kufungua saiba.

Nikamwuliza kijana kama amewahi kufuga kuku. Akacheka. Nikamwuliza mradi wake wa ufundi ni nini, ule wa kuunda kwa mikono. Akasema kikaushio cha omena kinachotumia jua.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kijana ana mashine yake. Ameikata mabati na kuichomelea mwenyewe. Lakini mpango wa biashara ameununua, tena wa kuku, na hakuna mtu chuoni aliyemwambia kwamba hivyo vitu viwili vina uhusiano wowote.

Basi leo nataka kugombana kidogo. Kila mwaka tunasikia viongozi na wafadhili wakisema wahandisi wetu wafundishwe biashara. Ndugu zangu, wanafundishwa! Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 somo la ujasiriamali limekuwa la lazima katika vyuo vya ufundi vya Kenya, na kwa miaka mingi mtahiniwa wa diploma ya KNEC amekuwa akiwasilisha mpango wa biashara. Mtaala mpya wa umilisi unaosimamiwa na TVET CDACC nao una sehemu yake ya stadi za ujasiriamali. Kwa hiyo somo lipo. Tatizo ni kwamba limetenganishwa na mashine. Mwalimu wa ufundi anasahihisha chuma, mwalimu wa biashara anasahihisha karatasi, na hawa wawili hukutana tu wakati wa chai. Mimi naona afadhali kuufuta kabisa huo mpango wa kurasa thelathini kuliko kuendelea nao hivi. Mahali pake mwanafunzi aulizwe hesabu za kitu kile kile alichokiunda.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ni kama mwongozo wa programu ulioandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiendesha. Kurasa ni nyingi na picha zinapendeza, lakini ukibonyeza kitufe kilichotajwa hakipo.

Hebu tuchukue hicho kikaushio, maana kila ninapoalikwa kutazama miradi ya wanafunzi nakikuta. Kwa wasomaji wa Tanzania, omena ni dagaa wa ziwani. Huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi akina mama huinunua kwa beseni na kuianika juu ya nyavu kuukuu au mchangani, kuanzia Muhuru Bay na Sori upande wa Migori hadi Sindo na Mbita upande wa Homa Bay. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, omena huharibika, na ile iliyokuwa ya kuliwa na watu huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha mifugo (kumbe kuku wamerudi kwenye hadithi). Tatizo ni la kweli kabisa, na mwanafunzi hakukosea kulichagua.

Miaka michache iliyopita niliwasindikiza vijana watatu kwenda kuonyesha kikaushio chao katika ufuo mmoja karibu na Sori. Mama mmoja muuza omena alikizunguka mara mbili, akagusa trei, akakisifu kwa heshima. Kisha akauliza, "Mwanangu, na hili jua la juu linanidai shilingi ngapi?" Vijana wakaangaliana. Walikuwa na grafu za joto na unyevu za wiki tatu. Jibu la swali hilo hawakuwa nalo.

Swali lake lilikuwa la biashara, na hujibiwi na kurasa thelathini. Unahitaji kalamu na kalenda. Kikaushio kinashindana na jua la bure, kwa hiyo kina faida siku za mvua peke yake. Je, kwa mwaka siku hizo ni ngapi?

Serikali ya Kenya kwa kawaida hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Miezi minne imeondoka. Na mvua kubwa huku kwetu hunyesha lini? Machi hadi Mei! Yaani sehemu kubwa ya wakati ambao mashine ingehitajika zaidi, kisheria hakuna omena ya kukausha. (Najua wapo wanaovua hata hivyo. Jaribu kumwandikia meneja wa benki kwamba wateja wako ni wavunja sheria.) Imebaki miezi minane. Mwezi unapong'aa sana taa haivuti omena vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kila mwezi, tuseme kumi. Minane mara ishirini ni siku 160. Tuseme kati ya hizo siku moja kwa nne mvua inaharibu kazi. Zimebaki 40. Hizi ni kadirio zangu; wewe wa Mbita weka zako.

Sasa tuseme kikaushio kimegharimu shilingi 60,000 na kinaingiza kilo 50 mbichi, zinazotoka kama kilo 14 kavu. Tuseme tofauti ya bei kati ya omena safi na iliyonyeshewa ni shilingi 70 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 980 kwa siku, na kwa siku 40 ni 39,200. Toa karatasi ya plastiki inayochanwa na jua na upepo, toa feni, toa mlinzi. Mama atarudisha pesa zake baada ya miaka miwili akiwa na bahati, na plastiki itakuwa imekufa zamani.

Hesabu hii haiiui mashine, ila inaibadilisha. Mama hana 60,000 za kufungia kwenye kitu cha siku 40, lakini asubuhi ya mvua, beseni tatu zikiwa zinaanza kunuka, atatoa mia moja mbili bila kubishana. Kwa hiyo labda asiuziwe kikaushio, alipie trei, na wamiliki wawe kikundi au mtu mmoja mwenye plot karibu na ufuo. Hapo mchoro wenyewe unabadilika: trei ziwe nyingi na nyepesi, zibebeke, na kitu chote kiweze kukausha mahindi au viazi vitamu vya Kabondo miezi ile ambayo ziwa limefungwa. Ona tulikofika. Tulianza na swali la pesa tukaishia kwenye vipimo vya trei. Huo ndio uhandisi! Na ndiyo sababu sikubali biashara iwe somo la Ijumaa alasiri, darasa likiwa limelala.

Mfano uliokwisha kufanyika uko huko huko Mbita. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram kutoka Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilifungua kituo cha kuchaji taa kwa nguvu za jua, katika mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote. Wakati huo wavuvi wa omena walikuwa wakitumia karabai za mafuta ya taa. Taa ya betri haikuwa ajabu hata mwaka ule. Mhandisi yeyote angeweza kuichora. Ugumu ulikuwa kwingine. Mvuvi hununua mafuta kidogo kidogo kutoka kwenye pesa za samaki wa jana, hana pesa za kununua taa na betri kwa mkupuo. Kwa hiyo wavuvi waliweka amana na kulipia chaji, na betri ikabaki kuwa tatizo la kituo. Leo kuna WeTu, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa msaada wa Siemens Stiftung, ambayo nayo hukodishia wavuvi taa katika eneo hilo la ziwa. Uvumbuzi mkubwa hapo ulikuwa namna ya kulipa. Lakini nenda chuoni ukamwambie msahihishaji kwamba mradi wako wa mwisho ni amana. Utarudishwa mwaka mzima.

Wasiwe wahandisi wa chuma peke yao wa kuchekwa, nami nijianike. Nilipoanza kazi niliandikia mfanyabiashara mmoja wa samaki mjini Homa Bay programu ya kuweka hesabu za mauzo. Nilimtoza shilingi 15,000 nikajiona tajiri. Katika miezi sita nilipanda matatu kutoka Migori kwenda kwake mara kumi na moja: siku moja printa, siku nyingine umeme umekatika na faili limeharibika, siku nyingine karani mpya hajui kuingia. Nauli ya kwenda na kurudi 800, jumla 8,800. Nikabaki na 6,200 za miezi sita, na hapo sijahesabu chakula. Fundi baiskeli wa pale stendi alikuwa ananizidi, maana yeye mteja akirudi hulipa tena. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba matengenezo ni bidhaa na yana bei yake. Nilifundishwa kupima kasi ya algorithimu, gharama ya mteja sikufundishwa kuipima.

Sasa wapinzani. Wa kwanza ni wale wanaosema mhandisi ana masomo mengi tayari, biashara waachiwe watu wa biashara. Nawaheshimu, maana daraja haliwezi kusimama kwa ujasiriamali. Lakini sikuomba somo jipya, nimeomba mpango wa kuku uondolewe. Muda utapatikana, tena utabaki.

Wa pili wananiudhi zaidi. Ni wale wanaosema wahandisi wasome biashara ili wajiajiri, basi, shida ya kazi imekwisha. Jamani! Kijana wa miaka ishirini na miwili, hana dhamana, hana shamba lenye hati, anaambiwa awe yeye kiwanda. Hicho ni kisingizio cha watu walioshindwa kujenga viwanda. Mhandisi aliyeajiriwa anaihitaji hesabu hii kuliko hata yule aliyejiajiri. Tazama kiwanda cha sukari cha Sony pale Awendo, ambacho serikali ilikikodisha mwaka 2025 kwa kampuni ya Busia Sugar kwa miaka 30. Katika kiwanda chochote cha sukari, muwa uliokatwa hausubiri. Kadiri unavyokaa ndivyo sukari inavyopungua. Mashine ikisimama, muwa unakauka kwenye trela na mkulima anangoja malipo. Mhandisi akienda kwa mhasibu kuomba vipuri akisema tu "beringi imechakaa", ataambiwa angoje mwaka ujao wa fedha. Akienda na namba, kwamba saa moja ya kusimama inatupotezea kiasi hiki na beringi ni kiasi hiki, mhasibu atalazimika kujibu kwa namba. Mitambo mingi imekufa nchini kwa sababu aliyejua inakufa hakujua kuyasema hayo kwa lugha ya mwenye pesa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Mawego, wa Siala, wa Rongo na popote pale. Mwanafunzi akikamilisha kitu chake asikikabidhi stoo. Akae nacho muhula mmoja, akikodishe au akiuze kwa mtu asiye ndugu yake, na aandike daftari: nani alilipa, nani alikataa na kwa maneno gani, nini kiliharibika, nani alitengeneza na kwa shilingi ngapi. Walimu wawili walisahihishe pamoja. Akipata hasara asinyimwe alama, ila aeleze hasara ilipotoka. Hilo ni gumu kununua saiba. Najua mtu anaweza kughushi hata daftari, lakini mwalimu akiwa na namba ya simu ya mteja mmoja tu, uongo unakuwa kazi kubwa kuliko ukweli. Na gharama kwa chuo ni nauli ya kwenda ufuoni mara mbili.

Mimi nimeshatengeneza lahajedwali dogo la daftari hilo, linafunguka hata kwenye simu, na nitalitoa bure kwa mwalimu yeyote atakayelitaka. Omena hufunguliwa Agosti. Mvua za vuli huanza kama Oktoba. Hapo katikati kuna muda wa kuchomelea trei kadhaa na kumtafuta mama wa kuzijaribu.