Mazungumzo ya Nyumbani: Wazee wa Uholanzi na Wajukuu Wao



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za watu watafutao wazee wao. Katika Marekani wako wengi ambao wazee wao walitoka Uholanzi zamani. Wakifunua vitabu vya kanisa huyaona majina ya jamaa zao, walakini lugha iliyoandikwa humo hawaijui, wala nchi ile hawajapata kuiona. Jina ni lao, lakini mambo yake ni mageni kwao. Basi hujiuliza, Je, watu hawa ni wetu kweli? Tusidhani ya kuwa swali hili ni la Wazungu peke yao. Watoto wetu wataliuliza pia. Na tuitazame jamaa moja ijulikanayo sana.

Kabla ya mwaka 1650 mtu mmoja, Claes Maartenszen van Rosenvelt, alivuka bahari akafika New Amsterdam, mji wa Waholanzi katika kisiwa cha Manhattan. Maartenszen maana yake ni bin Maarten, kama tusemavyo sisi. Kanisa la mji ule lilikuwa likiandika ubatizo na ndoa tangu mwaka 1639, na humo twasoma ya kuwa Nicholas, mwana wa Claes, alibatizwa mwaka 1658. Mwaka 1664 Waingereza waliutwaa mji, wakauita New York. Serikali iligeuka upesi, bali lugha haikugeuka upesi: Kiholanzi kilidumu nyumbani na kanisani zaidi ya miaka mia. Jina nalo likawa Roosevelt.

Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu mwaka 1901 hata 1909, alitoka katika jamaa hiyo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1913, asema ya kuwa babu yake alijua Kiholanzi kidogo alipokuwa kijana, na ya kuwa lugha ile ilitumika mara ya mwisho katika ibada za kanisa lao la New York babu huyo alipokuwa mtoto mdogo. Theodore mwenyewe hakujifunza Kiholanzi, ila wimbo mmoja wa kuchezea watoto. Katika urithi wote wa lugha, huo tu ndio uliomfikia.

Mwezi wa Aprili mwaka 1909 alishuka Mombasa, akaenda bara kuwinda. Huko alikutana na Makaburu waliohamia kutoka Afrika ya Kusini, ambao wengi wa wazee wao walitoka Uholanzi wakakaa Rasi ya Tumaini Jema, tangu mwaka 1652. Akawaimbia wimbo wake. Kwanza matamshi yake yaliwashinda kuyafahamu. Kisha baadhi yao wakautambua, kwa maana nao waliuimba kwa watoto wao. Jamaa hizi zilikuwa zimetengana miaka mia mbili na hamsini, na bahari kuu kati yao, na wimbo wa mtoto ukawaunganisha.

Lakini urithi huu una upande mwingine, na mtafutaji wa kweli haufichi. Waholanzi wale wa New York walikuwa na watumwa. Yapata mwaka 1797, katika wilaya ya Ulster, alizaliwa mtoto mtumwa aitwaye Isabella, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Alipokuwa na umri wa miaka kama tisa aliuzwa kwa watu wasemao Kiingereza, akapigwa kwa kuwa hakufahamu aliyoamriwa. Walakini mama yake alikuwa amemfundisha, kwa Kiholanzi hicho hicho, ya kuwa yuko Mungu asikiaye na kuona, naye amwombe katika taabu. Neno hilo hakuna aliyeweza kumwuzia wala kumnyang'anya. Ndiye yule aliyejiita Sojourner Truth mwaka 1843, akazunguka akihubiri na kuwatetea watumwa.

Katika jamaa ya Roosevelt kilibaki kitu kingine: Biblia ya Kiholanzi iliyopigwa chapa mwaka 1686. Franklin Roosevelt, ndugu wa mbali wa Theodore, aliapishwa urais juu ya Biblia hiyo mara nne, tangu mwaka 1933 hata 1945, ikiwa imefunuliwa penye sura ya kumi na tatu ya Wakorintho wa kwanza, sura ya upendo. Mwaka 1935 aliulizwa kama wazee wake walikuwa Wayahudi. Akajibu ya kuwa hajui Claes alitoka mahali gani pa Uholanzi. Yamkini walikuwa Wayahudi, au Wakatoliki, au Waprotestanti. Yeye ataka zaidi kujua kama walikuwa raia wema wamwaminio Mungu, naye atumaini walikuwa hivyo.

Twaona jibu hilo lafaa. Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu wanaojisumbua kwa nasaba. Lakini Paulo huyo huyo alimkumbusha bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nasaba ya kujivunia ni bure. Nasaba ya kushukuru ina faida.

Wako Wakristo kati yetu waonao haya kuwataja babu zao, kwa kuwa hawakubatizwa. Ndugu, kumtaja babu si kumwabudu. Yaandikeni majina ya wazee wenu, na vijiji walikotoka, mema yao na mabaya yao, kabla wenye kukumbuka hawajalala. Semeni na watoto lugha ya nyumbani, na mwombe nao kwa lugha hiyo. Nanyi waalimu, mpeni kila mtoto kazi hii: aulize nyumbani majina ya babu zake wawili na bibi zake wawili, na wimbo mmoja waliobembelezwa nao wazazi wake. Atakayokuta machache, asione haya. Na ayaandike hayo machache.

Mungu azibariki nyumba zenu.